Elimu kwa Umma: Kloridi ya Sesiamu na Hatari Iliyojificha Katika Vyuma Chakavu



Biashara ya vyuma chakavu ni riziki ya kaya nyingi za pande zote mbili za mpaka. Somo la toleo hili halikusudii kuizuia, bali kuwafahamisha juu ya kitu kinachoweza kujificha ndani ya chuma kizito: chumvi ya mionzi iitwayo kloridi ya sesiamu-137.

Namna inavyotengenezwa

Sesiamu-137 haichimbwi ardhini. Huzaliwa ndani ya kinu cha nyuklia, pale kiini cha atomi ya urani kinapopasuka. Fueli iliyokwisha kutumika huyeyushwa katika asidi, sesiamu ikatenganishwa na mabaki mengine, kisha ikaunganishwa na klorini. Chumvi ipatikanayo hukaushwa na kufungiwa ndani ya kibweta cha chuma kilichochomelewa, nacho huwekwa ndani ya ngao nzito ya madini ya risasi. Mionzi yake imetumika hospitalini kutibu saratani.

Umbo lake

Tuchukue mfano wa kisanduku chenye pembe nane. Kila pembe ina chembe ya klorini, na katikati imekaa chembe moja ya sesiamu. Katika chumvi ya chakula, kila chembe ya sodiamu huzungukwa na chembe sita za klorini. Sesiamu, kwa kuwa ni kubwa zaidi, huzungukwa na nane.

Hata hivyo, tabia zake ni zile zile za chumvi: husagika kuwa unga, huyeyuka majini na hushika ngozi yenye jasho. Mionzi hutoka katika kiini cha sesiamu chenyewe. Hivyo kuichoma, kuigonga au kuiosha hakuizimi. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 30 hivi.

Yaliyotokea Goiânia

Mwezi Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, watu wawili walichukua sehemu ya mashine ya tiba iliyoachwa katika jengo la kliniki iliyohama. Waliivunja na kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na chumvi hiyo, takriban gramu 93 tu. Usiku iling'aa rangi ya buluu. Watu wakaistaajabia, wakagawiana, na wengine wakajipaka mwilini.

Mke wa mnunuzi ndiye aliyetambua kwamba maradhi ya jamaa zake yalitokana na kitu kile. Alikichukua, akapanda nacho basi hadi kituo cha afya. Utambuzi wake uliokoa wengi, lakini yeye mwenyewe alifariki, pamoja na mtoto wa miaka sita na watu wengine wawili. Watu wapatao 112,000 walipimwa, na 249 walikutwa na uchafuzi wa mionzi. Nyumba kadhaa zilibomolewa.

Tufanye nini?

Tunawasihi mzingatie haya:

1. Ogopeni alama ya mapanga matatu meusi juu ya rangi ya njano, au pembetatu nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia. Alama ikiwa imefutika, chuma kidogo chenye uzito usio wa kawaida kitiliwe shaka.
2. Msikikate, msikigonge wala msikichome.
3. Ondokeni, waondoeni watoto, na mzuie wengine wasikaribie.
4. Msikilete kituoni. Leteni taarifa, wataalamu watakifuata kilipo.
5. Aliyekwisha kukigusa anawe kwa maji na sabuni, avue nguo na kuziweka kando, kisha amweleze mganga ukweli wote.

Ndugu zetu, tunajua wapo wanaonyamaza kwa kuogopa kuulizwa mzigo umetoka wapi. Maswali hayo yanaweza kungoja, mionzi haingoji. Njooni mtuambie mapema, nasi tutaanza na kuokoa uhai.