Msisubiri X Nyekundu Ukutani



Leo nina ujumbe wa mdogo wetu mmoja anayeishi kando ya ziwa, upande wa Ilemela, Mwanza. Anasema mtaani kwao wamekuja vijana wenye vifaa vya kupimia, wakachomeka vigingi, wakapaka rangi kwenye mawe mawili matatu, wakaondoka bila kumwambia mtu neno. Sasa uvumi umetanda. Huyu anasema ni barabara, yule anasema ni hoteli ya mwekezaji, mwingine anaapa kwamba ni zile mita 60 za mazingira. Yeye na wenzake wa kikoba wamefikiria kuunda kamati ya wananchi itakayoishauri serikali ya mtaa na halmashauri kuhusu mipango ya ardhi na ujenzi. Ananiuliza: Dada, tunaruhusiwa? Na tunaanzia wapi?

Mnaruhusiwa, mdogo wangu, tena si kwa hisani ya mtu. Katiba yetu, ibara ya 145 na 146, inazitambua serikali za mitaa na kueleza kwamba zipo ili madaraka yawafikie wananchi. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaitaka halmashauri inapoandaa mpango wa eneo iwaite wadau, wakiwamo wenye ardhi na vikundi vya wananchi, waujadili, na rasimu iwekwe wazi watu waikague. Hata sheria ndogo za ushuru, usafi, mifugo ya mjini na biashara za barabarani hazitakiwi kupita kimyakimya. Wakazi watangaziwe kinachokusudiwa, watoe maoni na pingamizi, ndipo zipelekwe kwa Waziri. Mlango upo, ila tangazo hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, mvua inalinyeshea, jua linalikausha, na mtaa mzima hakuna aliyepewa kazi ya kwenda kulisoma. Basi kazi ya kwanza ya kamati yenu ni hiyo. Chagueni mtu, jina lake lijulikane, awe anapita kwenye huo ubao kila wiki na kurudi na picha ya kila kilichobandikwa.

Nawasisitizia hili la muda kwa sababu ndilo linalotuangusha. Rasimu ikiwa bado iko mezani kwa afisa mipango miji, kuisogeza barabara mita tatu ni kufuta na kuchora upya. Mchoro ukishapita Baraza la Madiwani, ukaenda wizarani ukasainiwa, mita tatu zilezile zinataka barua, vikao, nauli, pengine na wakili. Na ukuta ukishapigwa X nyekundu na neno BOMOA, kamati inayoundwa siku hiyo ni ya kuliliana. Nimeona mitaa yenye walimu, manesi na mafundi wazuri kabisa ikikutana kwa mara ya kwanza siku X ilipochorwa. Hoja zao zilikuwa nzito, lakini hapakuwa tena na karatasi ya kuziandikia.

Na Mwanza hatuna muda wa kulala. Mpango Kabambe wa Jiji, ule uliotayarishwa na wataalamu wa Singapore, unatazama mpaka 2035. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Reli ya kisasa kutoka Isaka inakuja mjini. Penye barabara na reli, bei ya kiwanja hupanda, na bei ikipanda anatokea mtu wa kuuliza hapa kwako pana matumizi gani.

Watu wa kanda hii hatufundishwi kujipanga. Sungusungu walianza Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, na ulinzi huo ulikuwa mpango wa wananchi wenyewe kabla serikali haijautambua. Lakini tuseme ukweli wote: kuna mahali walivuka mpaka, wakahukumu na kupiga watu. Mimi napenda kamati yenu ijue mpaka wake tangu siku ya kwanza. Inasoma, inapima, inauliza, inashauri na inaandika. Haitoi vibali, haibomoi choo cha mtu, haiamui kesi ya mpaka kati ya majirani. Hayo yana wenyewe.

Sasa mnaanzia wapi? Anzieni kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa, ule unaoitishwa na mwenyekiti. Msianzie kwenye kundi la WhatsApp. Kundi ni zuri kwa kupeana taarifa, ila afisa wa halmashauri hawezi kuliandikia barua. Kamati izaliwe mbele ya watu, hoja isomwe, wakazi wakubali kwa kunyoosha mikono, na muhtasari uandikwe siku hiyohiyo: tarehe, mahali, majina na sahihi za waliohudhuria, lililoazimiwa, walioteuliwa. Mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wasaini, muhuri ugongwe. Karatasi hiyo ndiyo cheti chenu cha kuzaliwa. Mkifika ofisi yoyote mkaulizwa ninyi ni akina nani, mnaitoa.

Mkumbuke pia kwamba mtaa una kamati yake iliyochaguliwa pamoja na mwenyekiti Novemba 2024. Msishindane nayo. Ninyi ni macho na mikono yake katika jambo moja tu, la mipango na ujenzi. Ushauri wenu upitie kwake, uende Kamati ya Maendeleo ya Kata ambako diwani ndiye mwenyekiti, kisha Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ya halmashauri, ndipo Baraza. Diwani akibeba jambo lililoandikwa vizuri, lenye muhtasari wa mtaa nyuma yake, anasimama Barazani kwa kujiamini. Akibeba manung'uniko ya mdomo, wenzake watamsikiliza kwa adabu na kuendelea na ajenda inayofuata.

Nani awemo? Hapa ndipo ninapowaomba muwe wakali. Mkiacha mambo yajiendee, kamati itajaa wazee wenye nyumba kubwa, na ukiwauliza wapangaji wako wapi watasema hao ni wapita njia. Mpangaji ndiye anayejua maji ya mvua yanaingia chumba gani. Awemo. Awemo mama anayeanika dagaa, awemo fundi ujenzi anayejua kusoma ramani, kijana wa bodaboda anayejua kila kichochoro, mtu anayetembelea kiti cha magurudumu au mkongojo, na mtu wa BMU kama mtaa wenu una mwalo. Watu wa BMU wana uzoefu ambao mara nyingi tunausahau. Vikundi hivyo vya kusimamia uvuvi vilianza upande wetu wa ziwa mwaka 1998, na Sheria ya Uvuvi ya 2003 ikavipa nafasi. Wameshakaa meza moja na maafisa wa serikali miaka mingi, wanajua jinsi ya kubishana bila kugombana.

Hilo la wapangaji silisemi kwa huruma tu. Miaka ya 1990 wakazi wa Hanna Nassif, Kinondoni, mtaa uliokuwa ukifurika kila masika, waliunda kamati yao ya maendeleo, wakashirikiana na Jiji la Dar es Salaam na Shirika la Kazi Duniani, wakajenga mifereji na barabara za ndani kwa mikono yao wenyewe, kwa ujira. Kazi ile bado inatajwa vyuoni. Lakini mtaa ulipopendeza, kodi za vyumba zikapanda, na maskini wa kupanga ndio walioumia. Kamati yenye mpangaji ndani yake angalau italiuliza swali hilo mapema. Nairobi nako, makazi ya Mukuru yalipotangazwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, wananchi walipangwa kwa kaya kumi kumi, kila kumi na mwakilishi wao, ili hata mwenye chumba kimoja cha bati awe na mtu wa kumsemea. Ninyi mnaweza kufanya hivyo kwa kufuata vichochoro vyenu.

Nije kwenye kamba ya kupimia njia. Ninyi mnaoishi milimani, Igogo, Mabatini, Bugarika, Isamilo ya juu, mnajua ninachosema: nyumba imekaa kati ya mawe mawili, njia ni ngazi za mtu mmoja, na mgonjwa akizidiwa usiku anashushwa kwa machela, mmoja mbele mmoja nyuma, wa tatu akimulika kwa simu. Urasimishaji wa makazi ukija, kila mtu anataka barabara, ila kila mtu anataka ipite kwa jirani. Kabla mpimaji hajafika, kamati ichukue kamba, ifunge fundo kila baada ya mita moja, ipite njia nzima na wenye nyumba wakiwa wamesimama mlangoni. Mama Fulani anatoa hatua moja ya ua wake, mzee wa ng'ambo anatoa hatua moja ya banda la kuku, na penye jiwe lisilosogezeka wote wanakubaliana njia ipinde. Andikeni palepale nani ametoa nini, asaini, mkewe au mumewe asaini pia. Msichoke. Mtu aliyekataa Jumamosi anaweza kukubali Jumapili baada ya kuona wenzake wote wametoa. Mpimaji akikuta makubaliano hayo, kazi yake inakuwa kuweka alama. Asipoyakuta, atachora kwa rula, na rula haijui kaburi la babu yako liko wapi.

Tunaoishi ufukweni tuna habari yetu, mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zile zinazoweza kudhuru, ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa ziwa. Wadogo zangu, sheria hii ina maana yake. Mei 2020 ziwa lilipanda likavunja rekodi iliyokuwa imedumu tangu 1964, na waliojenga mdomoni mwa maji waliamka vitanda vikielea. Kamati isiende kupigania nyumba zijengwe majini. Iende ikadai mambo mawili. La kwanza, kipimo kiwe kimoja: kamba inayonyooshwa hadi kwenye kibanda cha muuza samaki inyooshwe pia hadi kwenye ukuta wa hoteli na jumba la mkubwa. La pili, mialo na viwanja vya kuanikia dagaa vichorwe kwenye mpango kwa majina yake. Pale Igombe au Kayenze kila mtu anajua akina mama wanaanika wapi, lakini kwenye mchoro usioonyesha kitu, eneo hilo ni tupu, na eneo tupu lina wachumba wengi. Nendeni mkapige picha asubuhi dagaa wakiwa wameanikwa, hesabuni wanawake wanaofanya kazi hapo, andikeni wanatumia eneo hilo miezi gani ya mwaka. Hapo mnapeleka ushahidi.

Kuna na jambo la kubadilisha matumizi ya kiwanja. Mtu ana nyumba ya kuishi, anataka iwe baa, gereji au kituo cha mafuta. Maombi hayo hutangazwa, na majirani wana nafasi ya kupinga. Mkiliwahi tangazo, andikeni kwa utulivu: shule iko umbali gani, choo kitaelekea wapi, magari yatageuzia wapi, muziki utazimwa saa ngapi. Msiandike kwamba mwenyewe ana roho mbaya. Pengine mtakubali kwa masharti, na hilo nalo ni ushauri mzuri kabisa.

Pesa. Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu mitaa mingi nchini ilichangia urasimishaji, kampuni zikachukua fedha, na viwanja havikupimwa hadi kesho. Kamati yenu ya ushauri isishike fedha ya upimaji hata siku moja. Karatasi, nauli na kalamu mnaweza kuchangishana kama mnavyofanya kwenye kikoba, daftari likiwa wazi. Ada za serikali zilipwe kwa namba ya malipo ya serikali, kila mtu na risiti yake. Kampuni ikija, ulizeni usajili wake, mkataba wake, na ni nani halmashauri anaisimamia, na isilipwe yote kabla kazi haijaonekana. Na kama katika kamati yenu yumo dalali wa viwanja, atangaze hivyo mbele ya wote, na linapojadiliwa eneo analouza atoke nje. Akikasirika, mtakuwa mmejua mapema.

Mdogo wangu wa Ilemela, umeniambia mwishoni kwamba mwenyekiti wenu anakwepa kuitisha mkutano. Usimtangaze mbaya bado. Pengine na yeye vile vigingi havijui, na anaona aibu kusema. Nenda kwake na watu wazima wawili, mmoja mama mwenye heshima zake, mkamwombe kwa upole, mkamwambie mnataka kumsaidia kupata majibu. Akiendelea kukwepa, andikeni barua, wakazi wasaini, mpelekeeni yeye, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa diwani. Barua iulize mambo machache: vigingi hivi ni vya nani, ni vya mpango gani, mpango huo umefika hatua gani, na lini wakazi wataonyeshwa mchoro. Kila ofisi igonge muhuri wa kupokea kwenye nakala inayobaki kwenu. Pigeni picha kila kigingi pamoja na kilichokizunguka, na watoto waambiwe wasiving'oe, maana kuharibu alama za upimaji ni kosa na mtapoteza haki yenu kwa jambo dogo. Wiki mbili zikipita bila jibu, mwende ofisi ya ardhi na mipango miji ya manispaa, asubuhi, mkiwa na nakala hiyo mkononi, mkaombe kuonyeshwa mchoro wa eneo lenu.