Mpango wa Wilaya na Mfuko wa Pamoja: Somo la Afya na Ustawi wa Jamii kutoka Rufiji na Morogoro

Utangulizi

Kila mwaka, katika kila halmashauri ya wilaya nchini Tanzania, huandikwa waraka ambao wananchi wachache sana hupata kuuona: Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Ndani yake hupangwa ni zahanati ipi itakayopata paa jipya, ni dawa zipi zitakazonunuliwa, na ni fedha kiasi gani zitakazotengwa kwa ajili ya watoto, kina mama, wazee na watu wenye ulemavu. Kwa mtazamo wa mwanafunzi wa sayansi, waraka huo ni jaribio la kujibu swali gumu: ikiwa fedha ni chache na matatizo ni mengi, shilingi ya kwanza itumike wapi, na nani aamue?

Makala haya yanalitazama swali hilo kwa njia tatu. Kwanza tutaeleza jinsi madaraka ya kupanga yalivyofika wilayani. Pili tutachunguza jaribio maarufu lililofanyika katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Tatu tutapima, kwa hesabu ndogo, kwa nini huduma za afya na zile za ustawi wa jamii huhitaji kupangwa na kugharimiwa kwa pamoja.

Madaraka yalivyofika wilayani

Katika mfumo wa Madaraka Mikoani ulioanza 1972, mabaraza ya wilaya yalifutwa na kazi zake zikaingia katika ofisi za serikali za mikoa na wilaya. Sheria za 1982 zilirudisha serikali za mitaa, nazo zikaanza kazi tena 1984. Katikati ya vipindi hivyo, mnamo Septemba 1978, mkutano wa kimataifa uliofanyika Alma-Ata (leo Almaty, Kazakhstan) ulitangaza kwamba afya ya msingi haiwezi kutengwa na chakula, maji safi, elimu na ushiriki wa wananchi wenyewe. Tamko hilo lilikuwa na maana kubwa kwa wapangaji. Ikiwa afya hutokana na mambo mengi, basi mpango wake hauwezi kuandikwa na idara moja iliyo mbali na watu.

Hata hivyo, kukabidhiwa madaraka ni jambo moja, na kuwa na maarifa ya kuyatumia ni jambo jingine. Kwa miaka mingi bajeti ya wilaya iliandikwa kwa kuchukua ile ya mwaka uliopita na kuiongeza kidogo. Kasma iliyokuwa kubwa jana ilibaki kubwa leo, hata kama ugonjwa uliokusudiwa ulikuwa umepungua.

Jaribio la Rufiji na Morogoro

Mwaka 1993 Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya maendeleo, ilidai kwamba nchi maskini ingeweza kupunguza vifo vingi kwa kutumia takriban dola 12 kwa kila mtu kwa mwaka, mradi fedha hizo zielekezwe kwenye huduma zenye manufaa makubwa kwa gharama ndogo. Dai hilo lilihitaji kupimwa. Wizara ya Afya ya Tanzania, ikishirikiana na Kituo cha Utafiti wa Maendeleo ya Kimataifa cha Kanada, ilianzisha mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP. Wilaya zilizochaguliwa zilikuwa Rufiji na Morogoro Vijijini, zenye wakazi wapatao 700,000 kwa jumla.

Hatua ya kwanza ilikuwa kujua watu wanakufa kwa nini. Vitabu vya hospitali havikutosha, kwa kuwa vifo vingi hutokea nyumbani. Kwa hiyo wahoji walizunguka nyumba kwa nyumba, wakiandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki. Palipotokea kifo, jamaa waliulizwa kwa utaratibu maalumu dalili alizokuwa nazo marehemu, kisha madaktari wakakadiria chanzo cha kifo hicho.

Hatua ya pili ilikuwa kugeuza vifo kuwa kipimo kimoja, yaani miaka ya uhai iliyopotea. Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme binadamu anatarajiwa kuishi miaka 80. Watoto 4 wakifa kwa malaria wakiwa na umri wa miaka 2, miaka iliyopotea ni 4 × 78, yaani 312. Wazee 4 wakifa kwa ugonjwa wa moyo wakiwa na miaka 70, miaka iliyopotea ni 4 × 10, yaani 40. Idadi ya vifo ni ileile, lakini uzito katika kipimo hiki hautoshani.

Hatua ya tatu ilikuwa kuweka uzito huo kando ya bajeti, na hapo ndipo kasoro ilipoonekana wazi. Katika Morogoro, malaria ilichukua takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, hali bajeti ya 1996 iliitengea takriban asilimia 5 tu. Hapakuwa na mtu aliyekusudia hivyo. Upungufu ulijificha ndani ya tarakimu kwa sababu hapakuwa na chombo cha kuufichua. Wapangaji wa wilaya walipoletewa michoro iliyoonyesha mzigo wa maradhi na matumizi ya fedha bega kwa bega, walianza wenyewe kuzihamisha fedha kuelekea vyandarua vilivyotiwa dawa na utaratibu wa kumtibu mtoto mgonjwa kwa ujumla wake, badala ya kutibu homa peke yake au kuhara peke yake.

Fedha za nyongeza zilikuwa kidogo. Mradi ulikuwa tayari kutoa hadi dola 2 kwa kila mtu kwa mwaka, lakini wilaya ziliweza kutumia vizuri chini ya dola moja. Katika miaka mitano iliyoishia 2003, vifo vya watoto walio chini ya umri wa miaka mitano katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Tahadhari ya kisayansi

Mwalimu wa sayansi hana budi kuwauliza wanafunzi wake: je, mafanikio hayo yalitokana na mpango, au yangetokea hata bila mpango? Watafiti waliulizana swali hilo hilo. Walizilinganisha Rufiji na Morogoro Vijijini na wilaya jirani za Kilombero na Ulanga, ambazo hazikuwa zimeanza utaratibu mpya wa kumtibu mtoto. Matokeo yaliyochapishwa 2004 yalionyesha kwamba, baada ya kipindi cha kuanzisha utaratibu huo, vifo vya watoto vilikuwa chini kwa asilimia 13 katika wilaya zilizoutumia, na gharama kwa kila mtoto haikuzidi ile ya kawaida. Lakini mipaka ya makisio ilianzia upungufu wa asilimia 30 hadi ongezeko la asilimia 7. Maana yake ni kwamba takwimu zilielekea upande wa mafanikio, ila peke yake hazikutosha kufuta kabisa uwezekano wa bahati.

Yatima wa hesabu

Kipimo kinachotegemea vifo kina udhaifu mwingine, nao ndio unaotuingiza katika ustawi wa jamii. Mzee aliyepatwa na kiharusi akabaki hai, lakini hawezi kutembea, huhesabiwa sifuri katika miaka iliyopotea kwa vifo. Vivyo hivyo mtoto mwenye mtindio wa ubongo, na mjukuu aliyeacha shule ili amlishe na kumwogesha bibi yake. Wataalamu wana kipimo kinachojumlisha pia miaka ya kuishi na ulemavu, lakini takwimu zake ni ngumu kuzikusanya. Jambo lisilopimwa husahaulika upesi siku ya kugawa fedha.

Tuchukue mfano wa pili, nao pia ni wa kubuni. Mzee mmoja mwenye kiharusi hafuatiliwi nyumbani. Kwa mwaka analazwa mara 3, kila mara siku 10, na kila siku moja ya kulazwa inagharimu shilingi 25,000. Jumla ni shilingi 750,000. Sasa tuseme mhudumu wa afya wa jamii anamtembelea kila wiki kwa gharama ya shilingi 5,000. Kwa wiki 52 ni shilingi 260,000. Ongeza shilingi 60,000 za fimbo ya kutembelea na ukarabati wa choo. Mzee sasa analazwa mara moja tu, kwa shilingi 250,000. Jumla ni shilingi 570,000. Jamii imeokoa shilingi 180,000, na mzee amekaa nyumbani kwake.

Mbona basi jambo jema hivi halitendeki lenyewe? Tazama ni nani anayelipa na ni nani anayenufaika. Kasma ya ustawi wa jamii imetoa shilingi 320,000. Kasma ya hospitali imepunguziwa mzigo wa shilingi 500,000. Ikiwa kila idara ina mfuko wake uliofungwa, afisa ustawi wa jamii ataona hasara tupu, naye hana uwezo wa kuidai hospitali. Fedha zikiwekwa katika mpango mmoja, faida na gharama huonekana katika ukurasa mmoja. Tuongeze tahadhari moja: shilingi 500,000 hizo hazirudi zote mkononi, kwa kuwa mshahara wa muuguzi hulipwa hata kitanda kikiwa kitupu. Faida halisi ni kwamba kitanda hicho sasa kinampokea mgonjwa mwingine.

Vyombo vilivyopo

Vyombo vya kuunganisha huduma hizi vipo. Kuanzia 1999 serikali na wafadhili walichangia Mfuko wa Pamoja wa Afya unaozifikia halmashauri. Mwongozo wa mipango ya afya ya halmashauri umeuweka ustawi wa jamii miongoni mwa maeneo ya kipaumbele. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za zahanati na vituo vya afya, ambako kamati zenye wawakilishi wa wananchi hushiriki kuamua matumizi. Aidha, ingawa Januari 2022 ustawi wa jamii uliwekwa katika wizara tofauti na ile ya afya, katika halmashauri huduma hizo mbili zimebaki chini ya idara moja.

Kilicho kigumu ni fedha kuifuata ahadi. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilitamka kwamba wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Zahanati ikimsamehe mzee bila kufidiwa, hupoteza mapato ya kununulia dawa, na mzee hutibiwa bure mahali pasipo na dawa. Ahadi isiyo na kasma ni deni analoachiwa mhudumu wa mwisho.

Hitimisho

Rufiji na Morogoro zilitufundisha kwamba wilaya ikipewa takwimu zinazosomeka na uhuru wa kuhamisha fedha, inaweza kupanga vema kuliko inavyodhaniwa. Kazi iliyobaki ni kuwaingiza katika takwimu hizo wale ambao hawakufa, lakini maisha yao yamekuwa mazito. Wajumbe wa kamati za zahanati za kesho wako madarasani leo. Yafaa wajifunze kusoma bajeti kama wanavyojifunza kusoma ramani.

Maswali ya majadiliano

1. Katika mfano wa mzee mwenye kiharusi, ziara za nyumbani zingegharimu kiasi gani kila moja ili jumla ya gharama zilingane na shilingi 750,000?
2. Kwa nini watafiti walihitaji kuzitazama Kilombero na Ulanga pia?
3. Chagua kitongoji kimoja. Ni watu gani wenye mahitaji makubwa ambao hawangeonekana katika takwimu za vifo? Ungewahesabu kwa njia gani?