Kutoka Dar es Salaam Hadi Mwanza: Je, Ni Mbali Kiasi Gani?

Ukimwuliza mtu Mwanza ni mbali kiasi gani kutoka Dar es Salaam, atakutajia kilometa. Nami nilidhani jibu hilo latosha, mpaka likizo ya mwaka jana iliponifundisha vingine.

Tuanze na hesabu. Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini na 39.3 mashariki, Mwanza iko nyuzi 2.5 kusini na 32.9 mashariki. Tofauti zake ni nyuzi 4.3 na 6.4. Karibu na Ikweta kila nyuzi moja ni kilometa 111 hivi, kwa hiyo twapata kilometa 477 kwenda kaskazini na 710 kwenda magharibi. Kwa kanuni ya Pythagoras, upande mrefu wa pembetatu hiyo ni kilometa 855. Hiyo ndiyo njia ya ndege. Barabara haiwezi kunyoka hivyo. Hupita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga, ikawa kilometa 1,150 hivi.

Sasa tutazame saa. Nilikuwa Dar es Salaam kwa mjomba tulipopata simu kwamba bibi, mama yake, amezidiwa huko Mwanza. Fedha zilitosha tiketi moja tu ya ndege. Tulitoka nyumbani pamoja saa kumi na moja alfajiri. Mjomba alitumia saa 1 kufika kiwanjani, saa 2 kungoja, saa 1½ angani, na saa 1 kufika kwa bibi: jumla saa 5½. Mimi nilitumia saa 1 kufika stendi, saa 17 ndani ya basi, na saa 1 kufika nyumbani: jumla saa 19.

Angalieni jambo hili. Angani ndege ilikwenda kilometa 570 kwa saa, lakini ukihesabu kutoka mlango hadi mlango, ni 155 tu. Basi lilikwenda 68 kwa saa. Kwa safari fupi, kama ile ya Morogoro yenye kilometa 190 hivi, ndege ingemwokolea msafiri dakika chache tu. Kwa safari ya Mwanza, mjomba aliokoa saa 13½.

Je, saa hizo ni kitu gani? Mjomba alifika saa nne na nusu asubuhi, akazungumza na bibi mchana kutwa. Bibi aliniulizia mara nyingi: "Mjukuu wangu amefika wapi?" Akajibiwa Dodoma, kisha Singida, kisha Shinyanga. Nilipoingia saa sita usiku, alikuwa hawezi tena kusema. Nilimshika mkono, naye akaubana wangu kidogo. Alfajiri alifariki.

Basi, wenzangu, mwalimu akiwapa hesabu ya mwendo, andikeni kilometa kwa uangalifu. Lakini siku mtakapoitwa nyumbani, ulizeni kwanza mtafika saa ngapi, maana anayewangoja hahesabu kilometa.