RAMADHANI, SIKU YA 17: SISI WA JUU NA WALE WA CHINI



Ndugu zangu, jana baada ya tarawehe kijana mmoja aliniuliza: "Ustadhi, kule chini kabisa baharini, kwenye giza, kuna nini?" Leo tulijibu swali lake, maana jibu linatuhusu sisi wa Soni.

Mkoani kwetu hapa Tanga, kwenye bahari ya Kigombe, yupo samaki anaitwa silikanti. Anafika karibu mita 2, rangi yake bluu yenye mabaka meupe, na mapezi yake yana nyama kama viguu. Mchana anajificha kwenye mapango ya chini ya bahari, kina cha zaidi ya mita 100. Usiku ndio anatoka kutafuta riziki.

Wataalamu walikuwa wanamjua kwa mabaki yake kwenye mawe tu. Wakasema ametoweka mamilioni ya miaka iliyopita. Mwaka 1938 akavuliwa mmoja Afrika Kusini, mzima! Kuanzia 2003 akaanza kunaswa na hapa Tanzania, na wengi wamenaswa kwenye majarife ya wavuvi wa Tanga. Mwaka 2009 serikali ikaanzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Jamani, tulisema hayupo kwa sababu hatukumuona. Suratul An'aam, aya ya 59, inatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu anakijua kila kilichomo barani na baharini. Muda wote ule silikanti alikuwa anaruzukiwa.

Sasa sikilizeni hili. Kwenye kilindi jua halifiki, mimea haioti. Viumbe wengi wa huko wanaishi kwa mabaki ya chakula yanayodondoka kutoka juu, kidogo kidogo, usiku na mchana. Wa chini wanategemea kinachoshuka.

Na sisi ni watu wa juu. Mto Mkuzu unaanguka pale kwenye maporomoko yetu, unashuka Mombo, unaungana na Mkomazi, kisha Mto Pangani, mpaka baharini, jirani kabisa na hifadhi hiyo. Tunachoshusha ni nini? Tusidanganyane. Tunalima kabichi mpaka kwenye ukingo, mvua ikija udongo wote unakwenda. Tunaosha mabomba ya dawa mtoni, chupa tunaziacha palepale. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza kulima ndani ya mita 60 kutoka mtoni, tunajua, ila tunasema "nani ananiona?"

Ndugu yangu, saa 8 mchana ukiwa peke yako chumbani na mtungi wa maji, hunywi. Kwa nini? Unajua unaonekana. Basi Yule anayekuona chumbani ndiye anayekuona mtoni. Na kabla ya silikanti, yupo mama wa Mombo anayeteka maji hayohayo ya kupikia futari.

Kazi ya leo: kabla ya alasiri, kila mwenye shamba kando ya mto aokote chupa moja ya dawa aliyoiacha yeye mwenyewe. Mimi zangu nimeziokota asubuhi. Zilikuwa 4, na nimeona haya.

Mola atujaalie tuwe amana kwa walio chini yetu, tunaowaona na tusiowaona. Aamin.

Mfikishie na jirani. Futari njema.