Nilivyopatana na Chakula Mtwara

Nilipohamia Mtwara kikazi nilikuwa mtu anayekiogopa chakula. Nilikuwa nikishinda na chai kavu nipungue, usiku njaa inanizidi, nakula hadi tumbo linauma. Haya nimejifunza huku, mengi kwa shangazi yangu wa Msimbati.

1. Njaa ya kujitakia mchana hulipwa usiku.
Nilihofia Ramadhani ingezidisha tabia ile. Kwa shangazi futari ina mpango: ikiadhiniwa Magharibi, tende na uji wa moto, kisha watu wanainuka kuswali. Muhogo wa nazi na samaki vinasubiri. Shibe huchukua kama dakika 20 kufika kichwani, na kituo kile cha swala kinaipa nafasi. Daku nayo hairukwi. Shangazi atakugongea mlango mpaka uamke. Mwezi ulipoisha nikaendelea kula kwa saa zangu, asubuhi, mchana na jioni, na ile njaa kali ya usiku ikakatika.

2. Ming'oko hailiwi kwa pupa.
Wageni wengi hawaijui. Ni mizizi myembamba ya porini, inachimbwa vichakani, inachemshwa kwa chumvi, na kina mama wanaiuza kwa mafungu. Unashika mmoja, unabambua ganda kwa kucha, unatafuna, unachukua mwingine. Vidole vikishalowa chumvi na maganda, simu haishikiki. Mikono ina kazi, mdomo una nafasi ya kuzungumza, na fungu dogo linamaliza alasiri nzima barazani. Hapo ndipo nilipoanza kuonja ninachokula. Siku hizi hata wali naula kwa mwendo huo.

3. Kwenye sinia hakuna anayekuhesabia matonge.
Ugali wa muhogo unawekwa katikati, kila mtu anakula mbele yake, kitoweo anagawa mkubwa. Ukishiba unanawa. Nilipokuwa nikila peke yangu chumbani kila tonge lilikuwa na hesabu yake.

4. Unachojinyima kabisa ndicho kinachokusumbua.
Korosho karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, kwa hiyo nilizipiga marufuku. Lakini kuanzia Oktoba Mtwara nzima inanuka korosho na mabibo, utazikimbia wapi? Nilipojiruhusu konzi moja kila alasiri, uchu wa kumaliza mfuko mzima ulipungua wenyewe. Mabibo yenyewe yanakaba koo, ila yana vitamini C nyingi kuliko machungwa, na watoto wanayafyonza njiani bila kumuuliza mtu.

5. Maradhi yana masharti yake.
Mjomba ana kisukari. Daktari alimpunguzia ugali, akamwongezea mboga, na muhogo wa kukaanga ukawa wa kuchemsha. Shangazi anampakulia kisamvu kingi upande wake wa sinia, hakumtenga kwenye kibakuli cha mgonjwa. Naye anayejitapisha baada ya kula, au anayeshinda njaa mpaka anazimia, asisubiri ushauri wa jamaa wala wangu. Hospitali ya Ligula ipo pale mjini, aende akamweleze daktari yote bila kuficha.