Anawaka moto, mbona anatetemeka?

*Daktari, mwanangu wa miaka 6 ana homa, anawaka moto, lakini anatetemeka na kudai blanketi. Nimfunike? – Mama, Tanga*

Mama, inatisha kuona hivyo, ila si kioja. Vijidudu vikiingia, ubongo hupandisha kiwango cha joto unachokitaka, tuseme kutoka 37 hadi 39. Kabla hajafika huko mtoto huhisi baridi, na misuli hutetemeka ili izalishe joto. Kazi hiyo hula nguvu na maji mengi, ndiyo maana baadaye analegea.

Akitetemeka, shuka jepesi latosha. Mnyweshe kidogo kidogo. Parasetamoli kwa uzito wake. Maji ya barafu hapana, yanazidisha kutetemeka. Usikisie malaria, apimwe leo. Degedege, kutapika kila kitu, shingo kukakamaa au kushindwa kunywa: hospitali, hata usiku wa manane.