Hesabu Seti, Usihesabu Masaa: Somo Kutoka Kliniki ya Meno

Mfanyabiashara mwenzangu wa mtandaoni, leo tujifunze kwa watu wa meno. Mchana nasimamia mapokezi na hesabu za kliniki ndogo ya meno hapa Tarime mjini. Jioni nauza viatu vya mtumba kupitia WhatsApp. Kazi mbili, presha ileile.

Wengi wanadhani presha ya kliniki iko kwa daktari na koleo lake. Iko mlangoni. Jumatatu asubuhi utamkuta mama katoka Nyamongo na mtoto shavu limevimba. Kijana wa Sirari anataka kuziba jino awahi kufungua duka. Mzee katoka Mugumu, na gari la kumrudisha halimsubiri mtu. Kila mmoja yeye ndiye mwenye haraka, na simu nayo inaita.

Tunapona kwa sababu hatuhesabu masaa, tunahesabu seti. Seti ni vifaa vya mgonjwa mmoja: kioo, koleo na vingine. Vikitoka mdomoni vinasuguliwa, vinaoshwa, vinafungwa, vinaingia kwenye mashine ya mvuke. Joto la nyuzi 121 linatakiwa likae dakika 20 kwa vifaa vilivyo wazi, na 30 kwa vilivyofungwa. Ukijumlisha mashine kupanda joto na vifaa kukauka, karibu saa nzima imekwenda. Dakika hizo ndizo zinazomkinga mgonjwa anayefuata na homa ya ini au VVU vya aliyetangulia. Awe diwani, awe shemeji wa mwenye kliniki, hakuna wa kuzipunguza. Kwa hiyo tukiwa na seti nane, saa mbili asubuhi tayari najua leo tutahudumia wangapi. Umeme ukikatika idadi inashuka, na nawatangazia palepale. Mtu akiambiwa mapema atanuna kidogo. Akiambiwa saa tisa alasiri, baada ya kukaa benchi tangu asubuhi, hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

Wewe nawe una seti yako, itafute. Yangu ni kiatu kukauka. Kiatu nilichofua kikifungwa na unyevu kitafika Mugumu kinanuka, na mteja huyo ndiyo basi tena. Kamba yangu ya kuanikia inabeba jozi kumi, basi oda za siku ni kumi. Wa kumi na moja namjibu: "Dada, chako kinaondoka keshokutwa." Kwako inaweza kuwa cherehani moja, au oveni, au boda unayemwamini. Usipokee oda kwa ukubwa wa tamaa.

Kuhusu nani aanze: kwetu aliyewahi si lazima atangulie. Mwenye uvimbe na homa anaingia kwanza, na nasema kwa sauti kwa nini, benchi zima lisikie. Wateja wa mtandaoni wote huandika "naomba haraka". Waulize tarehe. Mwenye harusi Jumamosi ana haraka ya kweli, mwingine ana hamu tu.

Bei tunaitaja kabla mtu hajakaa kwenye kiti. Ganzi ikishaingia hakuna kupatana. Ya kung'oa na ya kuziba zimeandikwa ukutani. Nyie mnaoandika "bei njoo inbox" mnajitafutia meseji arobaini za "bei?" halafu mnalalamika mmechoka. Samahani, lakini ndivyo.

Kuna na presha ya kukataa pesa. Kanda hii ina maji ya visima yenye floridi nyingi, na mtoto aliyekua akiyanywa anaweza kuota meno ya kudumu yenye madoa ya kahawia. Doa hilo liliingia jino likiwa bado linaundwa, halitoki kwa mswaki. Wanakuja vijana na pesa mkononi wanataka weupe leo leo. Daktari anawaeleza kinachowezekana na kisichowezekana, na wengine wanaondoka wamekasirika. Kisha wanakwenda mtandaoni wananunua unga wa kusugulia. Wewe unayeuza huo unga, ujue kusugua kwa nguvu kunakula jino, na ndimu ndiyo mbaya zaidi. Huyo mteja atarudi kwako na meno yanayouma.

Daktari wetu anainama siku nzima, shingo na mgongo vinamsumbua. Saa saba mchana kiti kinafungwa hata benchi likiwa limejaa, anakula, ananyoosha mgongo. Mgonjwa mwenye hasira haongei naye, anaongea na mimi. Kwenye biashara yangu hakuna wa kunipokea, kwa hiyo nimeandika saa zangu kwenye wasifu wa WhatsApp, na saa tatu usiku simu ya viatu inaingia kwenye droo mpaka asubuhi.